Mke Mwenzangu Anayumba, Nami Nimeapa Kunyamaza

Barua ya kwanza ilinifikia katika safu yangu ya ushauri gazetini Machi 2013, wiki ya uchaguzi, mji mzima wa Lodwar ukiwa hauna hadithi nyingine ila nani atakuwa gavana. Sikuichapisha. Ilikuwa na siri ambayo haikuwa ya mwandishi peke yake, kwa hiyo nilimjibu kwa karatasi niliyoifunga kwa gundi na kumpa mtu ampelekee mkononi. Sasa wanawake wote wawili wameniruhusu kuchapisha, tena wametaka majina yao yaandikwe. Soma mpaka mwisho.

*

Kwako Mama Nakeno,

Naomba unisaidie upesi, maana nakuandikia nimesimama, nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilitaka kwenda wapi, na chapati za leo nimeziunguza mpaka wateja wameniuliza kama nimefiwa.

Mimi naitwa Akiru, nina kibanda cha chai karibu na soko hapa Lodwar, na ni mke wa pili wa Losike, mnunuzi wa mbuzi. Mke wa kwanza ni Nawoi, ambaye mimi humwita Mama Ekai kwa heshima ya mtoto wake wa kwanza, na yeye anakaa Kakuma, anauza makaa kwa wakimbizi kule kambini. Najua watu wakisikia wake wenza wanategea masikio ugomvi, lakini huyu ndiye aliyenipokea nilipoolewa sijui lolote, akanifundisha kujenga nyumba ya makuti isiyoangushwa na upepo, na ndiye aliyenishika mgongo nilipojifungua binti yangu, kwa hiyo mimi kwake si mgeni na yeye kwangu si adui, hilo ulijue kabla hujasoma mengine.

Krismasi iliyopita alikuja Lodwar kwa ubatizo wa binti yangu, na aliposhuka garini nilimwona ameng'ang'ania mlango, nikadhani ni uchovu wa ile barabara ya Kakuma, lakini kanisani alipotoka na kina mama kupeleka sadaka aliyumba, miguu ikapishana, akamwangukia mama aliyekuwa mbele yake, na vijana wa viti vya nyuma wakacheka wakasema mama wa makaa amepitia busaa kwanza. Mama Nakeno, Nawoi hajawahi kuonja pombe, hata divai ya kanisani humchoma koo. Nyumbani akataka kunimiminia chai kama afanyavyo siku zote, akaelekeza birika pembeni ya kikombe, chai ikamwagika mkekani, naye akautazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa jirani.

Akarudi Kakuma, na mwaka mpya ulipoingia mambo yakazidi, ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka yamekatikakatika, na macho hayatulii, yanarukaruka kushoto na kulia hata akikutazama usoni, anasema dunia inacheza na haitaki kusimama. Kliniki moja walimpa dawa ya malaria, nyingine wakamwambia ni presha, akapumzike. Aliyenipigia simu kunieleza ukweli ni Nyaduoth, mama wa Sudan Kusini mwenye duka kambini, mteja wake wa makaa tangu zamani, akaniambia, "Akiru, watu hapa nasema Nawoi nakunywa. Mimi najua pombe. Mtu ya pombe asubuhi iko sawa, jioni iko mbaya. Huyu asubuhi iko mbaya, jioni iko mbaya. Kuja."

Nikafunga kibanda, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Nilimkuta anatambaa, Mama Nakeno, mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la makaa kichwani huku akisuka kikapu njiani, sasa anatambaa kwenda chooni na hataki kusaidiwa. Nikamlazimisha nimwogeshe. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu nilipopitisha kitambaa kwapani mwake upande wa kushoto mkono wangu ukagonga kitu kigumu kama kokwa ya tunda la mkoma, hakitelezitelezi, kimekaa.

Akanishika mkono kwa nguvu. "Umegusa nini?"

Nikasema, "Mama Ekai, hiki ni nini?"

"Hujagusa kitu."

"Nimegusa."

"Hakiumi," akasema kwa ule ulimi wake unaovuta. "Kinachonimaliza ni miguu. Hiki hakina neno na mtu. Mama yangu alikuwa na kama hiki, akakionyesha, wakamkata, akafa. Ukikitaja watanizika nikiwa nasikia. Apa."

Nikasema siapi. Akasema, "Apa kwa huyo mtoto uliyembatiza," na alikuwa anatetemeka na maji yamemwagika na macho yake yanaruka, nikaogopa, nikaapa.

Sasa kaka yake Nawoi, Ekal, anasema dada yake alikwenda Lodwar anatembea akarudi anashikiliwa, na chakula alichokula kule nilipika mimi, kwa hiyo hakuna la kutafuta. Losike yuko upande wa Kapedo kununua mbuzi, akirudi wataitwa watu na emuron, mzee wetu mwaguzi, atasoma matumbo ya mbuzi aseme ugonjwa umetoka wapi. Ekal ameshawaambia watu kwamba nikitajwa nitaondoka na mtoto atabaki. Mimi nimerudi Lodwar nikisema nimekuja kuangalia kibanda, lakini kweli ni kwamba nilikuwa siwezi kupumua kule.

Nikisema nilichogusa, nimevunja kiapo nilichoapa kwa damu yangu mwenyewe, na mtoto akipata hata homa nitajua ni mimi. Nikinyamaza, Nawoi anakwisha, na mimi naitwa mchawi. Na tena naona labda ni upuuzi, maana uvimbe wa kwapani una habari gani na miguu? Ni ugonjwa mmoja au ni miwili? Wengine wananishauri niende kwa mama yangu Nariokotome nikae huko mpaka yaishe. Nisaidie, sijui hata mguu gani nitangulize.

Akiru, Lodwar

*

Akiru,

Kaa chini. Nimesema kaa. Chapati zitaungua zikiwa peke yake.

Kwanza pole. Umefuata mgonjwa wakati wengine walikuwa wanacheka, na hilo halikuwa jambo dogo. Sasa nikukaripie. Mtu mzima huapaje kwa mtoto ambaye hajui hata kusema jina lake? Binti yako hana deni katika jambo hili. Akipata homa ni homa, mpeleke apimwe. Mungu hamwekei mtoto mtego kwa sababu mama yake alitaka kumwokoa mtu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umekubali kumshikia Nawoi pazia.

Umeuliza kama ni ugonjwa mmoja au miwili. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimwendea daktari mmoja mwanamke ninayemwamini, nikamweleza bila kutaja jina. Akaacha kalamu. Akasema inaweza kuwa mmoja. Akasema kuna saratani nyingine hujificha ikiwa ndogo kabisa, haiumi, mwenyewe hana habari, lakini mwili umeshaiona na umeinuka kupigana nayo. Sasa katika kupigana, mwili hukosea. Huishambulia ile sehemu ya ubongo inayoongoza miguu, mikono, ulimi na macho, kama watu waliotoka kumkimbiza mwizi wakampiga mwenye boma. Ndiyo maana mtu huyumba kabla uvimbe haujajulikana. Miguu inapiga kelele kwa niaba ya kitu kilichonyamaza.

Nisikilize vizuri, usije ukatia watu hofu sokoni. Daktari alisema jambo hili ni la nadra. Wengi wanaotetemeka au kuyumba wana maradhi mengine kabisa, na wengi wenye uvimbe hawana saratani. Lakini mtu mzima asiyekunywa, aliyebadilika ndani ya wiki chache, macho yanaruka, ulimi umelegea, na kwapani ana kitu kigumu, huyo mambo yake yote yaelezwe kwa daktari mmoja, siku moja, kwa pumzi moja. Kliniki zilizompa dawa ya malaria ziliona miguu tu. Hakuna aliyewaambia habari ya kwapa. Wangejuaje?

Na kuna haraka. Kile kinachoungua ubongoni mara nyingi hakirudi. Kuwahi kunazuia moto usiendelee, hakurudishi kilichokuwa jivu. Kwa hiyo usimwahidi Nawoi kwamba atatoka hospitalini akiruka ngoma. Ukimdanganya leo, kesho hatakusikiliza.

Sasa la kufanya. Huendi Nariokotome. Ukikimbia, Ekal hatahitaji emuron, miguu yako itakuwa imeshamjibu. Mwite mama yako aje akae na mtoto siku hizi, lakini wewe unarudi Kakuma. Huendi kwa Ekal, wala kwa Losike, wala kwa mchungaji. Unakwenda kwa Nawoi, unakaa mbele yake, unamwambia kiapo kile umekirudisha. Mwili ni wake, kwa hiyo mpe nafasi aseme kwa mdomo wake. Akikataa, mwambie wazi kwamba utamwambia daktari, na daktari tu. Usimzunguke nyuma. Mwanamke anayeanguka kila siku hahitaji na wewe umsukume.

Habari ya mama yake, sijui alikufa kwa nini. Wewe hujui. Nawoi naye huenda hajui. Mwambieni daktari habari hiyo pia, ina maana kubwa kuliko mnavyodhani.

Emuron usimdharau, mimi pia nimezaliwa Turkana. Keti kwenye kikao kwa adabu. Ila mgonjwa asinyweshwe kitu, na kikao kisichukue nafasi ya hospitali. Mtu akikugusa kwa nguvu, nenda kwa chifu mchana huohuo.

Mkifika Lodwar hospitalini, ombeni ahudumiwe na mwanamke kama anaona haya. Kuomba hivyo si kumtukana mtu.

Umenielewa? Basi inuka sasa. Hapo ndipo pa kuinuka.

Nakeno

*

Kwako Mama Nakeno,

Ni Akiru tena. Miezi imepita na nimechelewa kukuandikia kwa sababu mikono haikupata nafasi.

Nilirudi Kakuma kama ulivyosema. Nilimkuta Nawoi amekaa mlangoni pa nyumba yake, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Mama Ekai, kile kiapo nimekuletea. Siwezi kukaa nacho." Nikamweleza habari ya mwizi na mwenye boma, na kwamba miguu huenda isirudi. Alinisikiliza mpaka nikafikiri amekubali, kisha akachukua kikombe cha bati akanirushia usoni. Alinilenga mimi, kikapiga ndoo iliyokuwa mbali kabisa na nilipokaa. Tukaitazama ndoo. Akasema, "Hata kukupiga siwezi," akacheka, mimi nikacheka, kisha akalia mpaka Nyaduoth aliyekuwa anakuja kumsalimu akarudi njiani kwa heshima. Lakini hakukubali. Alisema, "Nenda kamwambie daktari wako. Mimi siendi."

Losike akarudi, kikao kikaitwa asubuhi. Mbuzi akachinjwa, yule mzee akatandaza matumbo, akayasoma taratibu, akaweka kidole mahali palipokuwa peusi na kusema anaona ugonjwa ukija kutoka upande wa Lodwar. Hakutaja mtu. Lakini Ekal alishasimama.

"Mmesikia," akasema. "Losike, huyu mwanamke aende leo. Mtoto aletwe, wa kwenu hapotei."

Nilimtazama Losike. Losike alitazama mchanga. Mama Nakeno, nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na pale sikupata hata moja, nikaona watu wananitazama kama wameshanisahau.

Ndipo Nawoi akaanza kuinuka. Alishika nguzo, akaanguka. Mtu akaenda kumwinua, akamsukuma. Akashika tena, akasimama miguu imepanuka kama mtoto anayejifunza, akasema kwa sauti ile ya kuvuta, "Ekal. Njoo. Lete mkono."

Ekal alidhani anataka kushikwa. Akampa mkono. Nawoi akauchukua, akauingiza chini ya shuka, kwapani, akaubana pale.

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukigeuka hivyo. Ekal ndiye mkubwa wao. Mama yao alipougua yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa juani na kumwingiza ndani, hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Pale alisema neno moja tu, tena polepole, "Ni kama wa mama."

"Nilikwenda nao Lodwar," Nawoi akasema. "Sikupewa huko. Akiru alijua, nikamfunga mdomo."

Yule mzee akafuta kisu chake kwenye majani, akasema, "Basi mpelekeni kwa wanaojua kukata," akajiinukia.

Nyaduoth hawezi kusafiri nje ya Kakuma bila kibali, kwa hiyo alikuja mpaka barabarani akatupatia godoro lake ili Nawoi alale garini. Akaniambia, "Kama nakuja na hii godoro bila Nawoi, hapana kuja na hii godoro." Hospitalini nilisema yote kwa pumzi moja, miguu, macho, ulimi, kwapa, mama yake, mpaka daktari akaniambia nipumue. Wakatoa kipande, wakakipima, wakatutuma Eldoret. Ni saratani ya titi. Ndani ya titi lenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkono haukuiona, ile ya kwapani ilikuwa mtoto wake aliyetoka nje mapema. Wakamkata, na hakufa. Wakampa dawa za mshipa, nywele zikaisha, kisha zikarudi kidogokidogo.

Sasa anakaa kwangu Lodwar, katika chumba cha nyuma ya kibanda. Anaongea taratibu lakini anaeleweka. Macho yametulia kiasi, hasa asubuhi. Miguu haijarudi, Mama Nakeno. Nimefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, anaifuata kwa mkono. Chai hawezi kumimina. Madaktari wanasema uvimbe hawauoni tena, ila wataendelea kumwangalia.

Juzi aliniuliza nikiwa nakanda unga. Alisema, "Akiru, wamenitoa kisichouma, wameniachia kinachouma. Hiyo ni hesabu gani?" Tangu siku hiyo naranda tena, naingia natoka, naona kama ni mimi niliyemdanganya. Nimwambie nini?

Na lingine. Ekal amekuja kutoka Kakuma. Amekaa nje ya kibanda changu tangu asubuhi, kwenye jiwe la jirani, hajaingia, hajaagiza kitu, na Nawoi anajua yupo. Hajawahi kuniomba samahani wala kuniita jina. Mimi bado nikimwona mikono inatetemeka kwa hasira. Nimfanye nini? Aliyeleta barua hii anasubiri jibu lako.

Akiru

*

Akiru,

Nimefurahi na nimehuzunika, na sitachagua kimoja.

Nawoi usimjibu. Alichosema ni kweli, na mtu aliyesema kweli hahitaji kusahihishwa. Mwambie, "Ni kweli, Mama Ekai, ni hesabu mbaya," kisha endelea kukanda unga ukiwa karibu naye. Hukumdanganya. Ulimwambia mapema kwamba miguu huenda isirudi, na alijua hivyo alipoushika mkono wa kaka yake. Mwache aomboleze miguu yake, ilimbebea makaa miaka mingi. Lakini akimaliza kuomboleza, mpeleke hospitalini kwa mazoezi ya viungo, hata akikurushia birika. Na siku za kliniki asikose hata moja. Atakuambia amepona, hana haja. Usimsikilize.

Binti zake na dada zake wote wapimwe. Mama mtu na binti mtu, hilo si jambo la kupuuza. Kazi hiyo mpe Ekal, awazungukie mmoja mmoja. Ana mdomo mkubwa, sasa autumie.

Wewe mwenyewe umejipapasa kwapa? Nilijua bado. Fanya leo.

Huyo aliyekaa juu ya jiwe, hulazimiki kumsamehe. Alitaka kukunyang'anya mtoto mbele za watu, na mikono yako ina haki ya kutetemeka. Samahani atadaiwa siku zote mpaka aitamke. Wewe msamaha utautoa siku ukiiva, si siku mimi nikisema. Lakini mtu hakai juani kutwa kwa sababu ya chai, Akiru. Mpelekee kikombe, kiweke chini kama unaona mikono haitaki kumpa, na umwambie aingie ndani. Dada yake anajua yupo hapo nje, na hawezi kutoka kumfuata.

Nakeno